Mwanamke Aliyekamata Mlango

Ukiwauliza watu wa Tungar Dorawa habari za bibi yangu Tabawa, watakujibu kwa sauti ya msibani. Watakuambia ndiye mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu kuvaa malfa, lile pama pana la ukindu wanalopewa wanawake wanaowaongoza wenzao kwenda Sokoto kutafuta elimu, kisha wakarudi kuwafundisha wake za watu majumbani. Watasema alikuwa mpole, mcha Mungu, ulimi wake haukuonja usengenyaji. Nikiyasikia hayo kokwa ya kola ninayotafuna hunipalia. Tabawa mpole! Labda walimzika mwingine.

Mimi nilikuwa mke mwenzake. Ndivyo tulivyoitana, kama wanavyoitana bibi na mjukuu yeyote, na tulimgombania babu, aliyekwisha kufa zamani, kwa matusi ambayo hapa si mahali pake. Kwa hiyo mtu asinifundishe Tabawa alikuwa nani. Alikuwa mpika daddawa. Alichemsha mbegu za mti wa mdorawa, akazitwanga, akazifunika mpaka zikavunda, akafinyanga madonge ya kutia kwenye mchuzi. Mchuzi usio na daddawa ni maji ya moto tu, lakini mpishi wake hunuka hata sikukuu. Ukimtafuta Bibi hukuwa na haja ya kuuliza njia, ulifuata pua. Na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

Elimu aliipenda, sikatai. Lakini kilichomtoa Bibi kwenye chungu chake kikampeleka Sokoto kwa miguu si elimu peke yake. Alitaka kuingia chumba kimoja katika nyumba moja, akae mkekani na mtu mmoja. Mtu huyo ni mama yangu.

Mama yangu, Azumi, alikuwa kifungua mimba wake. Na kwetu kifungua mimba ana haya yake: mzazi hamtaji jina, hampakati mbele za watu, hamsifii, na akilia huwaachia wengine wambembeleze. Azumi alipoachishwa ziwa tu alipelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Aliporudi alikuwa msichana wa kuposwa. Bibi alimwita “wewe” akiwa karibu, na akiwa mbali akamwita “yule”. Wadogo zake waliitwa majina yao mpaka yakachakaa. Mimi ni wa tatu kwa mama yangu, namshukuru Mungu, maana jina langu limepigiwa kelele uani kutwa kucha.

“Watoto wa jirani Delu niliwabeba mgongoni,” Bibi aliniambia siku moja, mikono yake miwili imezama chunguni. “Wa Kande niliwapangusa makamasi. Wangu mwenyewe akipita nilitazama pembeni, kana kwamba amepita mbuzi wa watu. Unajua inavyochoma, mke mwenza?”

Nikamwambia sijui. Akasema vizuri, na nisijue.

Kisha Azumi akaolewa na Iro, mwana wa Malam Sambo, na hapo mlango ukafungwa mara ya pili. Mke kijana wa nyumba ya mwanachuoni hatoki mchana. Na mama mkwe haingii katika nyumba anayolala mkwewe. Nyumba ya Malam ilikuwa ng'ambo ya kisima tu. Asubuhi vinu vyote vya kijiji vikilia pamoja, Bibi aliweza kuutambua mchi wa yule wake.

Ndipo habari za Sokoto zikatufikia. Vita vya jihadi vilikuwa vimekwisha, mji umetulia, na wasomi wanawake wa huko walikuwa wanawapokea wanawake wa vijijini kwa makundi: wazee waliokwisha kuzaa, na wasichana ambao hawajaolewa. Walifundishwa kwa mashairi ya kushika kichwani. Kila kundi na kiongozi wake, naye kiongozi akirudi kwao aliingia kila nyumba, hata zile zisizoingiwa na mgeni, akawafundisha wake waliomo ndani. Aliyeleta habari, mwanamke muuza chumvi, aliulizwa na Bibi swali moja tu.

“Na akiwa ni mkwe wa nyumba hiyo?”

“Mwalimu hana ukwe, mama. Mwalimu ni mwalimu.”

Bibi aliacha daddawa ikashika chini ya chungu. Haikupata kumtokea tena maisha yake yote.

Wanawake walikubali upesi, maana nani asiyetaka safari? Mkuu wa kijiji naye akasema yeye hana neno, Malam Sambo akiridhia basi. Na Malam Sambo hakuridhia. Alikuwa ndiye imamu wetu na mwalimu wa wavulana wetu, mwembamba kama ufito wa uzio, na mwenye maringo ya kutosha watu wanene watatu. Tena alikuwa binamu wa Bibi, mtoto wa mjomba wake, yaani mtani wake wa kuzaliwa. Tangu utotoni hawakupata kuamkiana kwa heshima hata mara moja.

“Tabawa,” alimwambia mbele ya watu, “Sokoto wana pua wale. Wakikunusa watafunga lango la mji.”

“Wewe mbona walikufungulia? Waliona masikio wakadhani punda wao amerudi.”

“Mwanamke wa daddawa atamfundisha nani?”

“Nitaanza na wewe, Malam. Kila mtu huanza na kazi ngumu.”

Watu wakacheka, na Malam akacheka kuliko wote. Lakini kicheko kilipokwisha jibu lilibaki pale pale: hapana. Bibi alijua kuipima hapana ya utani na hapana ya kweli, na hii ilikuwa ya kweli. Alirudi nyumbani akatwanga kwa hasira mpaka kinu kikapasuka.

Ikaja Ashura. Siku hiyo kwetu ni ya kushiba mpaka ukanda ulegezwe, na ni siku ya watani. Mtani wako akiweka mkono juu ya kitu chako akasema “Nimekamata!”, kitu hicho ni chake mpaka umpe kikomboleo atakachoridhika nacho. Na ole wako ukikasirika. Anayekasirika Ashura amekwisha; atachekwa mpaka Ashura nyingine, na watoto wadogo watamwigiza njiani. Miaka ya nyuma Bibi alikwisha kamata kondoo wa Malam, viatu vyake, na safari moja sahani ya wali alipokuwa anakula. Malam naye alipata kumkamatia mchi, akautumia kufungia mbuzi.

Mwaka ule Malam alijihami. Farasi alipelekwa kijiji cha pili, kilemba cha sikukuu kikafichwa chini ya kitanda, na kidau cha wino kikazikwa kwenye ghala la mtama. Kisha akakaa uani mwake, miguu ameinyoosha, na bakuli la fura, mtama uliovurugwa kwa maziwa, mkononi, akimngoja mtani wake aje akamate upepo.

Bibi alikuja asubuhi na kigoda, na kikapu cha daddawa mbichi iliyoiva kwa kunuka. Hakuingia. Alikiweka kigoda katikati ya mlango wa nje, akaketi, akanyoosha mkono mmoja kwenye ukuta huu na mwingine kwenye ukuta ule.

“Nimekamata!”

“Umekamata nini, mtani?” Malam aliuliza kutoka ndani, bado anacheka.

“Mlango.”

Nyumba ile haikuwa na mlango mwingine. Wavulana wa chuo cha Malam, waliokuwa wamealikwa kwa wajomba na mashangazi kwenda kula vichwa vya kondoo, walijaa kwenye ukumbi wa mlangoni wakimeza mate. Walioko nje nao hawakuweza kuingia, lakini hao hawakuwa na haraka. Walikuja na vigoda vyao.

Malam akatoa jogoo. Bibi akasema ana jogoo. Akatoa kola, zile nyekundu nzuri. Bibi akachukua moja, akaitafuna, akasema hii ni ya salamu, kikomboleo bado. Akatoa kitambaa cha nili kinachong'aa kwa kupondwapondwa. Hapo Bibi aliniapia kuwa nusura akichukue, maana alikipenda.

“Sasa unataka nini, Tabawa?”

“Njia. Ridhaa yako mbele ya mkuu wa kijiji, wanawake waende Sokoto. Na nikirudi na malfa, niingie kufundisha kila nyumba. Hii ikiwemo.”

 Mama yangu alikuwa nyuma ya ghala, kibuyu cha maziwa mkononi, akisikia kila neno.

“Hilo haliwezekani,” Malam akasema.

“Haya. Mimi sina haraka, nimekula.” Akafunua kikapu. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea ndani.

Adhuhuri ilipokaribia mambo yakawa mazito, kwa kuwa imamu alikuwa ndani na msikiti ulikuwa nje.

“Unamzuia mtu na sala!” Malam alipaza sauti, akajikumbuka, akaiteremsha kabla haijawa hasira.

“Mimi? Mungu aniepushe. Lipa upite. Au sali humo humo, Mungu hana mlango mmoja.”

 Halafu kanga wote wa nyumba ile wakapiga kelele kwa pamoja, watu wakainua macho, wakamwona mwanachuoni wetu amepanda juu ya kibanda cha kuku, na kutoka kibandani anavuka ukuta. Mguu mmoja ulikwisha kufika nje. Wa pili ulibaki ndani, maana kanzu yake ilinaswa na miiba ambayo yeye mwenyewe aliipanga juu ya ukuta kuzuia wezi. Akawa amekaa hapo, goti huku goti kule, hawezi kwenda wala kurudi.

Bibi hakuinuka kwenye kigoda. Aligeuza shingo tu.

“Mtani! Farasi gani huyo uliyempanda, asiyekwenda?”

Hata mkuu wa kijiji alijifunika uso kwa ncha ya kilemba. Na Malam, ambaye alikuwa na haki zote za kukasirika isipokuwa siku ile, alijitahidi uso usimsaliti. Midomo ikamtetemeka. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka ukuta ukamwaga vumbi. Nampenda babu yangu huyu kwa jambo hilo, ingawa yako mengine ambayo simpendei.

“Nenda!” akasema huko huko juu. “Nenda Sokoto, mchawi we! Mkuu wa kijiji, shuhudia. Lakini na mimi nina neno langu. Ukirudi na hilo pama, utafundisha kwanza hapa nyumbani kwangu, nami nikisikiliza nyuma ya mkeka. Utafundisha kama ninavyofundisha mimi. Ukikosea, hutavuka mlango huu tena maisha yako.”

“Nimekubali. Mleteeni ngazi.”

Wakaenda. Sitasimulia safari, kila mtu aliyekwenda ana yake na zote ni chuku. Nitasema tu kwamba shairi la udhu na sala halikumwingia Bibi akiwa ameketi. Maneno yaliteleza. Akaomba kinu. Wasomi wale waliovaa nguo nyeupe walicheka wakampa, akatwanga mtama wa nyumba nzima huku anakariri, ubeti mmoja kwa pigo hili na mwingine kwa pigo lile, mpaka likamkaa. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtikisa. Alipoaga, mwanamke mmoja mzee wa nyumba ile alimvika malfa, akalifunga kwa utepe mwekundu. Akamwambia asiwe na haraka na wanafunzi wazito.

Siku ya kufundisha ua wa Malam Sambo ulijaa wanawake. Iro alijiendea shambani alfajiri, kwa adabu, asikutane na mama mkwe. Malam alikaa kwenye ukumbi wa mlangoni, na kati yake na ua ukatundikwa mkeka. Bibi akaingia na pama lake. Watu walisema hakunuka daddawa siku hiyo, mimi siamini. Aliukanyaga ua ule kwa mara ya kwanza tangu mtoto wake apelekwe humo bibi harusi, na hakutazama upande wa kinu, kwa sababu alijua nani ameketi karibu na kinu.

Alisoma shairi lote bila kukosea. 

“Sasa mwanafunzi mmoja mmoja,” Malam akasema nyuma ya mkeka. “Kama chuoni kwangu.”

Chuoni kwake mwalimu humwita mwanafunzi kwa jina, naye akaitika, ndipo akasoma. Bibi akaanza.

“Kande!”

“Abee!” Kande akasoma.

“Delu!”

“Abee!” Delu akasoma, kwa sauti ya kuwaonesha wengine.

Akaita wote, wazee na vijana, hata shangazi mmoja kiziwi ambaye ilibidi aguswe bega. Kisha akakunja mikono.

“Tumemaliza, Malam.”

“Umeruka mmoja, mwalimu.”

“Sijaruka mtu.”

“Naijua nyumba yangu. Yuko mmoja karibu na kinu.” Sauti yake haikuwa na mzaha, wala haikuwa kali. “Ukimruka mmoja hujafundisha kama nifundishavyo mimi. Tulipatana.”

Watu wa kijiji chetu wanabishana mpaka leo kama ule ulikuwa ukatili au hisani. Mimi nilimuuliza Malam mwenyewe nilipokuwa mdogo, nikiwa nimemkalia mapajani na kumvuta ndevu. Alinipa kola badala ya jibu. Lakini mtego ulikuwa mtego: Bibi akilitaja jina, wanawake wote watasema Tabawa amekwenda Sokoto akarudi hana haya. Asipolitaja, anatoka, na harudi.

“Mke mwenza,” Bibi aliniambia, “ulimi uliokwisha kutukana kijiji kizima ulikauka kama gome. Nikafikiri nitoke. Wallahi nilikwisha kuinuka nusu.”

Hakutoka. Aliushika ukingo wa malfa akalivuta pama mpaka likamfunika macho, pua, na kidevu. Na kutoka huko chini sauti ikasema:

“Azumi.”

Mama hakuitika. Si kiburi. Ameniambia mwenyewe kwamba aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Jina lake alilijua kwa sauti ya bibi yake, ya mumewe, ya wadogo zake, ya wauza maziwa. Kwa sauti ile hakulijua.

“Azumi!” Bibi akaita tena, kwa nguvu, kama anayeita mtoto aliyekwenda mbali na jua linazama. “Wewe, Azumi!”

“Abee, mama.”

“Soma.”

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mama yangu. Alikuwa ameishi miaka nyuma ya mkeka kama ule, akiwasikia wavulana wa chuo wakifundishwa kutwa. Aliyajua yote. Alikuwa akimsahihisha Iro chumbani, na Iro alikuwa akimwomba asimwambie baba. Shairi lile alikwisha kulishika asubuhi ile ile, Bibi aliposoma mara moja.

Akasoma ubeti wa kwanza, akaukosea.

“Siyo hivyo. Azumi, rudia.”

Akarudia. Huo akaupata, akakosea wa pili. Katika shairi lake akaosha miguu kabla ya uso.

“Azumi! Uso kwanza!”

“Abee, mama. Uso.” Akaosha uso, akasahau mikono.

“Azumi!”

“Abee.”

Wanawake walianza kuelewa mmoja baada ya mwingine. Delu alijitia ncha ya nguo mdomoni. Kande alimtazama shangazi kiziwi, na hata shangazi kiziwi alikuwa anatabasamu. Mama akaenda hivyo hivyo, hakuna ubeti alioupita salama, na kila kosa lilikuwa jipya, maana kichwa chake kilikuwa kizuri. Bibi naye akawa anamwita hata pale ambapo hakukosea. Malfa lilikuwa linatikisika. Hakuna aliyejua kama huko chini ni kilio au kicheko, na Bibi alisema yeye mwenyewe hakujua.

Nyuma ya mkeka Malam alikohoa.

“Mtani. Huyu mkwe wangu kumbe ana kichwa kigumu hivi?”

“Jiwe la kusagia, Malam,” Bibi akajibu, sauti imemharibika.

“Mtu kama huyu hafundishiki kwa siku moja.”

“Hafundishiki.”

“Basi itabidi uje kila siku.”

Akaja kila siku, mpaka miguu ilipomkataa. Wake wote wa kijiji kile walilimaliza shairi wakaingia katika mengine, na binti zao baada yao, na mimi pia. Mama yangu hakulimaliza.